Nilisoma muhula mzima bila kupewa alama

"Mwalimu, hii inakuja kwa PLE?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa msichana wa darasa la sita, mmoja wa wale wanaokaa dawati la mbele na ambao si rahisi kuwadanganya. Ilikuwa muhula wa tatu wa mwaka 2022, katika shule moja ya msingi hapa Jinja. Ubaoni nilikuwa nimeandika sentensi kumi za Kiswahili na kuwataka wanafunzi wazisahihishe. Nilimjibu ukweli kwamba haiji. Aliitikia kwa adabu, akafunga daftari la Kiswahili, akatoa la Hisabati.

Sikumkemea, kwa kuwa sikuwa na hoja. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hapa Uganda, huo PLE, una masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Kiswahili hakimo. Mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa amepiga hesabu zake vizuri akaona wapi pa kuweka nguvu.

Miezi michache baadaye nami nilikuwa nimeketi dawati la nyuma katika chuo kimoja mjini Mbale, nikihudhuria kozi ambayo kwangu haikuwa na mtihani, alama wala cheti. Walimu wenzangu wamekuwa wakiniuliza nilipata nini huko. Naandika makala haya kuwajibu, na nakiri mapema kwamba jibu si jepesi kama nilivyodhani nilipokuwa naanza.

Kiswahili nilichorudi nacho

Wazazi wangu walivuka mpaka pale Lwakhakha baada ya serikali ya Obote kupinduliwa Julai 1985. Nilikuwa na umri wa miaka mitatu. Nilisoma magharibi mwa Kenya tangu darasa la kwanza hadi kidato cha nne, chini ya mfumo wa 8-4-4, ambamo Kiswahili kilikuwa somo la lazima lenye mtihani wake. Tuliandika insha, tukakariri methali, tukachapwa kwa kuchanganya lugha. Niliporudi Uganda mwaka 2002 nilikuwa na cheti cha kidato cha nne cha Kenya na Kiswahili ambacho wenzangu wa hapa walikicheka. Kwao kilikuwa lugha ya askari na ya wezi.

Cheti hicho kilikubaliwa kuwa sawa na cha kidato cha nne cha hapa, nikasomea ualimu wa Grade III kwa miaka miwili. Kidato cha sita sikukisoma. Kwa takriban miaka kumi na tano nilifundisha Maarifa ya Jamii, na Kiswahili changu nikakitumia sokoni, kwenye stendi ya magari na kwa majirani wa Walukuba, mtaa ambao watu waliokuja kufanya kazi viwandani kutoka kila upande waliufanya uwe na lugha nyingi.

Kiswahili kina historia ya kupanda na kushuka katika nchi hii. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, lakini shuleni hakikuota mizizi. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitaja kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikiingiza katika masomo ya lazima ya kidato cha kwanza na cha pili. Kisha Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari.

Wiki chache baada ya uamuzi huo mwalimu mkuu aliniita ofisini. "Mwalimu, wewe umesomea Kenya," akasema. "Kiswahili ni chako." Nikapokea vipindi viwili kwa wiki kwa kila darasa, bila kitabu cha mwalimu na bila siku moja ya mafunzo.

Ndipo nilipogundua kwamba kujua lugha na kuifundisha ni mambo mawili. Watoto waliandika "kitabu yangu", "viti hii", "miti mzuri". Nilijua ni makosa. Lakini mtoto akiniuliza kwa nini, nilikuwa nikimjibu kama nilivyojibiwa Kenya: "Ndivyo kinavyosemwa." Jibu hilo lilimtosha mtoto wa Bungoma aliyekisikia Kiswahili kila siku. Mtoto wa Jinja anayekisikia kwa dakika arobaini, mara mbili kwa wiki, halikumsaidia kitu.

Msikilizaji ni nani?

Rafiki yangu mmoja anayefundisha sekondari ndiye aliyeniambia kwamba chuoni unaweza kuomba kuhudhuria kozi moja tu, bila kuingia programu nzima. Nilidhani ananitania. Nilipofuatilia nikakuta jambo hilo limo hata katika kanuni za vyuo vyetu. Kanuni za Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mfano, zinataja aina ya kozi ambayo mwanafunzi anaisoma bila kutunukiwa yuniti. Anasikiliza, anasoma, lakini haiingii katika hesabu ya matokeo yake.

Kwa wasiofahamu, yuniti ndicho kipimo cha mzigo wa masomo. Yuniti moja ni saa moja ya darasani kila wiki kwa muhula mzima, yaani saa 15. Kozi ya yuniti tatu ni saa 45. Mwanafunzi wa kawaida akifaulu, zile yuniti zinaandikwa kwenye jina lake na siku moja zinajumlishwa kuwa shahada. Msikilizaji hukaa saa zile zile 45 akatoka na yale aliyoyashika kichwani na daftarini.

Jambo lenyewe si geni. Jijini Paris kipo Collège de France, kilichoanzishwa mwaka 1530, ambako mihadhara iko wazi kwa yeyote, hakuna mitihani na hakuna shahada. Makerere ilianzisha idara ya masomo ya nje ya chuo mwaka 1953 kwa ajili ya watu wazima ambao wasingeweza kuwa wanafunzi wa kudumu. Nasi tuliokulia miongoni mwa Waislamu tunaijua darsa ya msikitini: watu hukaa mbele ya sheikh baada ya sala, mwuza samaki kando ya mwalimu wa shule, na hakuna anayeuliza atapewa asilimia ngapi. Siku hizi zipo pia kozi za intaneti ambazo mtu anazitazama bure bila cheti. Huko wengi huanza na wachache humaliza, na nitaeleza kwa nini siwashangai.

Mbale ni mji wa wanafunzi. Chuo Kikuu cha Kiislamu kilifunguliwa huko mwaka 1988, na vingine vimefuata. Chuo nilichokwenda mimi sitakitaja. Ilinichukua safari mbili kumpata aliyeelewa ninachotaka. Karani wa kwanza aliniuliza nasomea nini, nikamwambia utangulizi wa isimu ya Kiswahili. Akauliza ili niwe nani. Nikamwambia mimi tayari ni mwalimu. Alinitazama kama mtu aliyekuja kununua tiketi ya basi asilotaka kulipanda.

Safari ya pili nilimwona mhadhiri mwenyewe, mama mdogo kwangu kwa umri. Alinisikiliza, akaniuliza kama nitafanya kazi za nyumbani japo hatazisahihisha. Nikasema ndiyo. Akaniandikia kikaratasi cha kumpelekea msajili, nikalipa ada ya kozi moja, shilingi laki moja na nusu, na jina langu likaandikwa katika ukurasa wa peke yake.

Jumamosi kumi na tano

Kozi ilikuwa ya Jumamosi, saa tatu kwa wiki, kwa wiki 15, mwanzoni mwa mwaka 2023. Kutoka Jinja hadi Mbale ni kilomita zipatazo 145. Nilipanda matatu, ambayo huku tunaiita taksi, saa kumi na moja alfajiri. Unapita Iganga, unashika barabara ya Tirinyi, unavuka mto Mpologoma na mashamba yake ya mpunga, kisha Budaka na Kamonkoli, mpaka unaona majabali ya Wanale yamesimama juu ya mji. Nauli ya kwenda na kurudi ilikuwa shilingi 40,000. Mshahara wa Grade III ulikuwa kama laki tano kwa mwezi. Mke wangu alipiga hesabu kabla yangu, akaniuliza swali lile lile la mwanafunzi wangu kwa maneno mengine: "Baba, hiyo itakupandisha daraja?" Nikamwambia haitanipandisha. Alinyamaza, na ule ukimya ulikuwa mzito kuliko ugomvi.

Darasani wanafunzi walikuwa vijana wa umri wa mtoto wangu wa kwanza. Waliniita "mzee". Mhadhiri aliniita "Mwalimu", nami nikamwita "Mwalimu", jambo lililowachekesha wote. Wiki mbili za kwanza nilijiona bingwa. Kiswahili chao kilikuwa cha kuungaunga, na kila mmoja alipokosea nilimsahihisha kwa sauti. Wiki ya tatu mhadhiri aliniita kando baada ya kipindi. "Mwalimu," akasema taratibu, "hawa wanapewa alama kwa kuzungumza hapa, na muda wao ni mfupi. Wewe umekuja kusikiliza." Aibu niliyoisikia siku hiyo ilinifanya nifunge mdomo, na nilipofunga mdomo ndipo nilipoanza kujifunza.

Wiki ya nne aliandika ubaoni maneno ya Kiganda, "ekitabo kyange", na chini yake "kitabu changu". Kisha "ebitabo byange", na chini yake "vitabu vyangu". Kisha "omwana wange, abaana bange", na kando yake "mwana wangu, wana wangu". Akatuuliza tunaona nini.

Nilikuwa naona kile ambacho watoto wangu wa Jinja walikuwa nacho vinywani tangu walipoanza kusema. Hakuna mtoto wa Kiganda anayekosea "ekitabo kyange". Kisoga nacho kinakwenda njia hiyo hiyo. Jina linaongoza, na maneno yanayolifuata yanavaa sare yake. Hizo ndizo ngeli, na wanazo nyumbani. Wanapoandika "kitabu yangu" wanaiga Kiswahili cha stendi, ambacho kimezivua ngeli hizo. Muhula mzima nilikuwa nimewaambia wanakosea, na sikuwahi kuwaambia kwamba bibi zao tayari wanalo jibu.

Nilirudi Jinja usiku ule, na Jumatatu nikaandika ubaoni maneno yale yale. Darasa lilipiga kelele kama nimewaambia siri. Mtoto mmoja akasimama akasema, "Kumbe Kiswahili ni chetu!" Hapo hapo kijana wa Kiteso akauliza, "Na sisi?" Kiteso si lugha ya Kibantu, na mlango ule haukumfungukia. Nilimwambia nitamjibu wiki ijayo. Nililipeleka swali lake Mbale, na nilipewa njia ya kumfundisha kwa mazoezi ya makundi ya majina, polepole, bila kumlinganisha na wenzake.

Ningependa kusema kwamba baada ya hapo sikukosa hata Jumamosi moja. Nilikosa nne mfululizo. Ya kwanza kulikuwa na msiba. Ya pili kulikuwa na mkutano wa wazazi. Ya tatu ilinyesha. Ya nne niliamka saa kumi, nikatazama dari, nikarudi kulala. Sikuwa na sababu yoyote. Hakuna aliyenipigia simu kutoka chuoni, hakuna jaribio nililolikosa, hakuna alama iliyopungua. Kukaa kwangu nyumbani hakukugharimu chochote, tena kuliniokolea shilingi 40,000.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule msichana wa dawati la mbele. Alama si elimu, lakini ni kamba. Inamfunga mtu asubuhi ambazo hamu haipo. Anayesoma bila alama amekata kamba hiyo kwa mkono wake, na asipotafuta nyingine atapeperuka. Ndiyo maana siwashangai wanaoziacha kozi za intaneti katikati.

Kamba yangu ilitoka mahali ambapo sikutazamia. Wiki ya kumi kijana mmoja wa darasa letu alinipigia simu. "Mzee, uko wapi? Tuna kazi ya kikundi ya kurekodi mazungumzo na kuyachambua, na wewe ndiye unayesema Kiswahili bila kusimama. Tunakungoja." Kazi ile ilikuwa na alama kwao na haikuwa na kitu kwangu. Nilikwenda. Sikukosa tena.

Siku ya mtihani

Jumamosi ya mtihani nilikwenda Mbale kwa mazoea. Msimamizi alisoma majina mlangoni, langu halikuwamo, naye akaniomba kwa heshima nisubiri nje. Nilikaa chini ya mwembe kwa saa tatu. Kwa mara ya kwanza nilitamani ile alama. Nilitaka mtu aniambie kwa namba kwamba sikupoteza muda wangu.

Yule kijana wa simu alipotoka alinipa karatasi ya maswali. Jumapili, baada ya ibada, niliweka saa mezani nikaijibu, saa tatu kamili, watoto wangu wakinipita kwa kunyata. Baadaye nilimpelekea mhadhiri. Hakuwa na wajibu wa kuisoma, lakini aliisoma akairudisha na maelezo ya penseli pembeni. Swali moja lilitaka tulichambue neno "hawatatupikia". Mimi niliyelisema neno hilo tangu utotoni niliandika kwamba mzizi wake ni "piki". Akauzungushia duara. Mzizi ni "pik", na ile "i" ndiyo inayoonyesha kwamba mtu anapikiwa. Namba hakuweka. Nilimwuliza ningepata ngapi. Alicheka akasema, "Mwalimu, hukujisajili kwa hilo."

Chuo kilinipa barua ya mistari mitano kuthibitisha kwamba nilihudhuria. Mwaka uliofuata, walimu tulipoitwa kukaguliwa vyeti, niliiambatanisha. Afisa aliitoa katika faili na kunirudishia. "Hii si cheti," akasema. Alisema kweli, na sikubishana naye. Lakini nilijiuliza inakuwaje faili langu lina nafasi ya cheti cha mwaka 2005 na halina mahali pa kuandika nilichojifunza mwaka 2023, na ambacho ndicho kinachofundishwa darasani kwangu leo.

Kwa anayetaka kujaribu

Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 iliweka shahada kuwa kiwango cha mwalimu, hata wa shule ya msingi. Kwa hiyo nisimdanganye mwenzangu yeyote wa Grade III. Kama unahitaji karatasi, usipite njia hii. Tafuta diploma, au kama mimi huna kidato cha sita, ulizia mtihani wa kujiunga na chuo kikuu kwa watu wazima, ambao umewafungulia wengi milango. Pesa zako ni chache na alama unaihitaji.

Lakini kama una tatizo moja mahususi katika kazi yako, na unajua kozi inayoligusa, kusikiliza kunafaa. Nenda kwanza kwa mhadhiri kabla ya kwenda kwa msajili, kwa maana yeye ndiye anayejua kama kiti kipo. Uliza ada ya kozi moja na upate risiti. Uliza mapema kama kazi zako zitasomwa, na kama utapewa barua mwishoni. Usile muda wa wanaopewa alama. Jiunge na kikundi wiki ya kwanza, usingoje ya kumi kama mimi, ili pawe na mtu atakayeuliza uko wapi. Na kila ulichojifunza Jumamosi kifundishe Jumatatu.

Vyuo navyo vina la kufanya. Viti vya nyuma viko vitupu Jumamosi nyingi, na walimu waliosukumiwa Kiswahili bila mafunzo ni wengi kuliko mimi. Kuwaandika katika daftari la wasikilizaji kwa ada ndogo hakuhitaji jengo jipya. Na wanaosimamia walimu wangeweza kutenga ukurasa mmoja katika faili wa kuandika mambo kama haya, hata kama hauongezi mshahara.

Mimi nimeanza kujiandaa kwa mtihani wa watu wazima. Mke wangu ndiye aliyeniambia nijaribu, na safari hii aliniuliza nauli ni kiasi gani akiwa tayari ameitenga. Zile safari kumi na moja za Mbale, pamoja na ada, zilinigharimu karibu laki sita, zaidi ya mshahara wa mwezi mmoja, na hakuna chuo kitakachonihesabia saa hata moja kati ya zile nilizokaa pale.

Yule msichana wa dawati la mbele alifaulu PLE yake na sasa yuko sekondari, ambako Kiswahili alikikuta kinamngoja. Juzi, katika darasa jipya, mvulana mmoja aliuliza tena kama hii inakuja kwa PLE. Nilimwambia haiji. Kisha nikamwuliza bibi yake anaitaje vitabu vyake, akajibu, nikamwomba aje aandike ubaoni.